Udongo wa Mlimani na Maji ya Bondeni

Mtu akisimama juu ya kilima cha Ngara baada ya mvua kubwa ya masika, atayaona maji mekundu yakiteremka kuelekea mto Ruvubu au Kagera. Wekundu ule ni udongo wa juu, wenye rutuba, unaokwenda zake hata Ziwa Viktoria. Mwenye shamba amelala, na shamba lake linasafiri.

Mwezi wa Aprili 1994 zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji wenye kuhitaji kuni. Aliyeacha kwake hana budi kupika. Wengi walirejea Desemba 1996, lakini vilima vilivyokatwa miti vilibaki kwa wenyeji.

Dawa haihitaji fedha nyingi. Twaa miti miwili iliyo sawa kwa urefu, iunge juu, weka wa tatu katikati kama herufi A, kisha ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Kamba ikitulia kwenye alama ya katikati, miguu yote miwili i usawa mmoja. Endelea hivyo ukipiga vigingi, utapata mstari unaokatisha mteremko. Hapo chimba mtaro, udongo uutupe upande wa juu (ndiyo maana huitwa "fanya juu"), na upande matete juu ya tuta. Matete hushika udongo, ng'ombe hupata malisho, nayo samadi hurudi migombani. Mashamba darasa ya mradi wa bonde la Kagera, ulioendeshwa na FAO katika nchi nne, yalifundisha kazi za namna hii.

Huenda mtu akauliza: Mbona basi vilima vingi bado vi wazi? Kwa maoni yangu jibu halimo katika jembe, limo katika haki. Tuta hukawia misimu kadhaa kabla ya kulipa. Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja amchimbie nani? Na mwanamke ambaye akifiwa na mumewe huweza kufukuzwa na shemeji zake, atapanda mti wa miaka kumi kwa tumaini gani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imempa haki sawa ya kumiliki ardhi, na katika Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu sharti wawe wanawake. Wengi hawajaambiwa.

Ama Biharamulo, shida ni mifugo pia. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ambamo kulisha ng'ombe ni marufuku. Mfugaji na mkulima hukutana bondeni. Sheria ya Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kudumu na zenye kudhuru ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Lakini mita hizo zikimfunga mfugaji peke yake, huku maharage yakipandwa mpaka ukingoni, ugomvi hauna budi. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alikataza mtu kuyazuia maji yaliyomzidi ili apate kuwanyima wengine malisho. Njia ya ng'ombe na ipimwe kabla ya kiangazi, wote wawili wakiwapo, na birika la kunyweshea lijengwe nje ya zile mita 60.