Kuitambua Mikoko kutoka Angani

Mtu wa bara afikapo pwani kwa mara ya kwanza, na kuutazama msitu usimamao katika maji ya chumvi, huona miti ya namna moja tu, naye huiita yote mikoko. Mkata boriti hucheka. Yeye ajua ya kuwa mkoko ni mti mmoja katika jamaa kubwa, na kila mti una jina lake na kazi yake. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, nao hutoa boriti za nyumba. Mkandaa ni mwembamba na mgumu, na gome lake hutumika kutengenezea ngozi. Mlilana hukaa mbele kabisa, upande wa bahari, na mbao zake hufanywa mataruma ya vyombo. Mchu mara nyingi haunyoki, na mizizi yake hutokeza juu ya matope kama vijiti vilivyochomekwa.

Ramani nyingi za misitu huipaka miti hii yote rangi moja. Basi watu wakiingia wakakata mikoko na mikandaa iliyonyoka, wakaiacha michu, ramani ya namna hiyo huonyesha kijani kilekile, kana kwamba hakuna kilichopotea. Lakini mjenzi akienda huko kutafuta boriti hurudi mikono mitupu. Kwa sababu hiyo wataalamu wametaka ramani iutajayo kila mti kwa jina lake.

Kazi hiyo husaidiwa na setilaiti, yaani chombo kisicho na mtu, kiizungukacho dunia juu sana na kupiga picha. Landsat ya kwanza ilirushwa na Marekani mwaka 1972. Picha ya setilaiti imegawanyika katika miraba midogo, na kila mraba huandikwa kwa hesabu ya mwanga uliotoka mahali pale. Tena chombo hiki huona mwanga ambao macho ya binadamu hayauoni, ulio karibu na mwanga mwekundu. Majani mabichi huurudisha mwanga huo kwa wingi, na maji huumeza. Ndiyo sababu msitu hung'aa na mkondo huwa mweusi. Majani ya mkoko na ya mchu hayaurudishi sawasawa, na kwa tofauti hiyo miti huweza kubaguliwa.

Ukubwa wa mraba ni jambo kubwa. Mraba wa Landsat za siku hizi una mita 30 kila upande, na ndani yake hukaa miti mingi iliyochanganyika. Ule wa Sentinel-2, iliyorushwa mwaka 2015, una mita 10. Wataalamu waliochora ramani ya mikoko ya Gazi, kusini mwa Mombasa, na kuitangaza mwaka 2008, walitumia picha za QuickBird, ambazo miraba yake ya rangi haikufikia hata mita 3. Gazi ilistahili kazi hiyo, maana katika miaka ya 1970 miti yake mingi ilikatwa iwe kuni za viwanda, na tangu mwaka 1991 miche imepandwa mahali palipobaki tupu.

Huko Gazi mchu huwatatiza sana wapimaji. Huota mahali pawili, karibu na bahari na tena karibu na nchi kavu. Ule wa baharini ni mti mrefu. Ule wa nchi kavu, penye chumvi nyingi, ni kichaka kifupi chenye udongo mtupu kati yake. Ni mti mmoja, lakini kutoka juu huonekana kama miwili. Kadhalika picha iliyopigwa maji yakiwa yamejaa huificha miche, kwa hiyo hutafutwa siku maji yalipokupwa na mawingu hayakuwako.

Hata hivyo setilaiti huona vilele vya miti tu. Mizizi, ambayo mtoto yeyote wa pwani huitambua miti kwayo, haionekani kabisa. Kwa hiyo wapimaji hupanda mtumbwi, huingia katika matope hata magotini, na kulinganisha kila mahali palipowekwa alama katika picha na mti usimamao pale. Ikiwa ramani imesema mkandaa, na mbele yao umesimama mchu, ramani hurekebishwa.