Kula na Kununua Usukumani: Mwongozo kwa Mgeni wa Shinyanga na Geita

Wageni wengi wanaofika Shinyanga au Geita kwa kazi za mgodini, kwa harusi au kwa likizo huishia kula chipsi kuku hotelini. Inasikitisha, maana chakula kizuri cha huku hakimo kwenye orodha ya hoteli. Kipo sokoni, mnadani na kwa mama lishe, na anayekijua kwa jina ndiye anayekipata.

Anza na viazi vitamu vilivyokaushwa. Michembe ni viazi vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakatwe na kuanikwa. Michembe lazima ipikwe, na hunoga ikiungwa kwa karanga zilizotwangwa au ikiliwa na maziwa ya mgando. Matobolwa unaweza kuyatafuna yalivyo, na chai ya rangi pembeni. Kabla ya kununua, vunja kipande. Kikikatika kwa mlio, kimekauka vizuri. Kikipinda, kina unyevu na kitaota ukungu njiani. Ulizia pia nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, mboga ya kiangazi inayoendana na ugali wa mtama. Kwa zawadi ya kupeleka Dar es Salaam au Arusha, sijaona kinachoyashinda matobolwa: ni mepesi, hayavuji, wala hayahitaji friji.

Mnada ni wa kwenda asubuhi. Ule wa Mhunze, wilayani Kishapu, unajulikana kwa ng'ombe, lakini minada midogo iko kila upande na kila mmoja una siku yake ya wiki. Muulize mwenyeji au dereva wa bodaboda kabla hujapanga safari. Wasalimie wauzaji kwa Kisukuma, "Mwangaluka" asubuhi au "Mwadila" mchana, kisha ndipo uulize bei. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha za watu au mifugo yao.

Nyama choma ya mnadani huuzwa kwa kilo. Chagua kipande kikiwa kibichi, kipimwe ukiona, mkubaliane bei, ndipo kiende jikoni. Kumbuka kwamba nyama hupungua motoni, hivyo kilo moja haitakuwa kilo ikifika mezani. Tazama muhuri wa mkaguzi kwenye nyama iliyotundikwa. Usipouona, nenda kwa mchomaji mwingine. Maziwa mabichi yachemshwe, hata kama mwenye ng'ombe anakuhakikishia kuwa ni salama, kwa sababu ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo huambukiza watu kupitia maziwa.

Upande wa Geita, ziwa liko karibu. Chato na Nkome ni sehemu za kutafuta sato na sangara wabichi: macho yang'ae, mashavu yawe mekundu. Dagaa wazuri ni walioanikwa kwenye chanja, maana wa chini hubeba mchanga. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayetoka Mwanza hasubiri tena kivuko, hivyo mlo wa mchana Geita hauhitaji tena kupangwa kwa saa ya kivuko.

Kahama ni mahali pa kununua mchele. Mwulize muuzaji kama ni mpya au wa zamani: mpya hunata na hutaka maji kidogo, wa zamani hufumuka vizuri kwa pilau. Ukipimiwa kwa sado, hakikisha kopo halijabonyezwa ndani.

Asali ya Bukombe inafaa kutafutwa. Kwa vinywaji, togwa ni ya kila mtu. Wanzuki, pombe ya asali, inywe mahali wenyeji wanapopaamini. Ukitaka mvinyo, ule wa zabibu za Dodoma ndio wa nchini. Gongo usiiguse, ni haramu kisheria, na iliyochanganywa vibaya huua au kupofusha.

Mwisho, ukiwa Geita utaonyeshwa dhahabu mtaani kwa bei ya kutamanisha. Usinunue. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa 2019 ili biashara hiyo ifanywe huko, kwa leseni na vipimo. Huyo wa mtaani huenda anakuuzia shaba, na ikiwa ni dhahabu kweli, kesi itakuwa yako. Fedha hiyo inatosha gunia la mchele wa Kahama.