Kwa Nini Dawa za VVU Haziachwi

Mara nyingi tunamsikia mgonjwa akisema: "Nimepata nafuu, naacha dawa." Tujifunze kwa nini ni hatari.

Ndani ya kiini cha chembe hai hutunzwa maagizo ya uhai, yaitwayo DNA. Maagizo hayo hayatoki. Hutolewa nakala, iitwayo RNA. Nakala hiyo hukatwa sehemu zisizohitajika, kisha hupita kwenye vitundu vya ukuta wa kiini kwenda kutengenezewa protini. Isiyokatwa sawasawa kwa kawaida huzuiwa ndani.

Virusi vya UKIMWI huchomeka maagizo yake katika DNA ya mgonjwa. Nakala zake ndefu, zisizokatwa, zingezuiwa pia. Lakini virusi hivyo vina protini iitwayo Rev, ambayo huzishika na kuzivusha nje. Huko huundwa virusi vipya.

Dawa za ARV huzuia virusi visienee katika chembe nyingine, bali haziyaondoi maagizo yaliyokwisha kujificha kiinini. Zikiachwa, virusi huongezeka tena, mara nyingi baada ya majuma machache.

Basi, tuwaombee ndugu zetu wagonjwa, na tuwahimize waendelee na dawa hata wanapojisikia wazima. Sala na dawa havipingani.