Treni Ndogo na Reli ya Mpanda: Somo la Vipimo, Ufundi na Kumbukumbu

UTANGULIZI

Watoto wa nchi hii hawakungoja maduka ili wapate treni za kuchezea. Kopo tupu la samaki huwa behewa, vizibo vya soda huwa magurudumu, kipande cha waya huwa kiungo, na kamba huwa injini. Mwenye kuivuta huiga kwa kinywa chake mlio wa honi, na safari huanza. Wakubwa wengi huutazama mchezo huo na kupita, wakidhani kwamba hauna elimu ndani yake.

Katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani, mchezo huo umekuwa kazi ya watu wazima. Wapo wanaokusanya treni za mfano kwa miaka mingi, wakazipanga kabatini au kuzitembeza juu ya reli ndogo zenye stesheni, madaraja na vichuguu. Katika makala haya tutaeleza kanuni za kisayansi zinazotawala treni hizo, kwa kutumia reli iliyo karibu na wanafunzi wa Mkoa wa Katavi, yaani reli ya Kaliua hadi Mpanda. Tutaeleza pia kwa nini watu huzipenda treni za zamani, na faida ambayo shule zetu zinaweza kuipata katika ufundi huu.

RELI YA MPANDA

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mpanda lilikuja baadaye sana. Linaachana na njia kuu hapo Kaliua, magharibi ya Tabora, likaelekea kusini kupitia nchi ya miombo, likavuka mto Ugalla na kuishia Mpanda, mwendo wa kilometa 210 hivi. Lilifunguliwa mwaka 1950.

Sababu ya kulijenga ilikuwa madini. Mpanda palikuwa na mgodi wa risasi, uliotoa pia shaba, fedha na dhahabu, na mzigo mzito wa namna hiyo haukuweza kubebwa kwa barabara za udongo za siku zile. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini treni haikuondoka pamoja nao. Iliendelea kuchukua abiria, mahindi, mpunga, asali na tumbaku. Kwa miaka mingi, kabla ya barabara ya lami kutoka Tabora, wakati wa masika treni ndiyo iliyokuwa tegemeo la msafiri.

Reli hii, kama njia nyingine za zamani za Reli ya Kati, ina upana wa milimita 1,000, yaani mita moja kamili, kati ya nyuso za ndani za reli mbili. Kwa mwalimu wa hisabati, hii ni bahati njema, maana hakuna namba iliyo rahisi zaidi ya hiyo kuanzia somo la uwiano.

KIPIMO CHA MFANO

Treni ya mfano hutofautiana na mchezo wa kawaida kwa jambo moja: kila urefu umepunguzwa kwa uwiano uleule. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha mwaka 1891, katika maonyesho ya Leipzig, treni ndogo zenye upana wa njia uliopangwa kwa namba. Tangu hapo mnunuzi aliweza kuongeza reli na mabehewa kidogo kidogo, akiwa na hakika kwamba vitapatana. Huo ndio mwanzo hasa wa kukusanya. Huko Uingereza, Frank Hornby alianza kuuza treni zake mwaka 1920.

Kipimo kinachotumika zaidi duniani leo ni 1:87. Kwa kipimo hicho njia ya mita moja huwa na upana wa milimita 11.5 hivi, na watengenezaji hutumia milimita 12. Kwa kazi za shuleni tunapendekeza kipimo cha 1:50, kwa sababu hesabu zake ni nyepesi na vifaa si vidogo mno kwa mikono isiyozoea. Kwa kipimo hiki:

(a) Upana wa njia: milimita 1,000 ÷ 50 = milimita 20.

(b) Behewa lenye urefu wa mita 12 litakuwa na urefu wa sentimita 24.

(c) Mwinamo haubadiliki. Njia inayopanda mita 1 kwa kila mita 50 itapanda sentimita 2 kwa kila mita moja ya mfano, kwa kuwa pembe hazipunguzwi na kipimo.

(d) Safari ya Kaliua hadi Mpanda itakuwa na urefu wa kilometa 4.2.

Hesabu ya mwisho yafunza jambo. Hakuna darasa wala nyumba iwezayo kuenea kilometa nne za reli. Ndiyo maana kila muundaji hulazimika kuchagua: atajenga stesheni moja na daraja moja, na sehemu nyingine ataiacha. Kuchagua lililo la lazima na kuacha lisilo la lazima ni sehemu ya kila kazi ya sayansi.

MAMBO YASIYOPUNGUA SAWASAWA

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Urefu ukigawanywa kwa 50, eneo haligawanywi kwa 50. Eneo hugawanywa kwa kipeo cha pili cha 50, yaani 2,500, na ujazo hugawanywa kwa kipeo cha tatu, yaani 125,000. Uzito hufuata ujazo, iwapo vifaa ni vilevile.

Tuchukue mfano wa behewa lililojaa mahindi, lenye uzito wa tani 40. Kilo 40,000 zikigawanywa kwa 125,000, tunapata kilo 0.32. Mfano wake utachukuliwa kwa mkono mmoja bila taabu.

Matokeo ya kanuni hii ni makubwa. La kwanza lahusu nguvu. Uwezo wa kiungo au nguzo kubeba mzigo hutegemea eneo la mkato wake. Katika mfano wetu eneo hilo limepungua mara 2,500, lakini uzito umepungua mara 125,000. Kwa hiyo mfano ni imara mara 50 zaidi ya kitu chenyewe, ukilinganisha na uzito wake. Mwanafunzi anayejenga daraja la mfano la mto Ugalla, kisha likastahimili treni yake ndogo, hajathibitisha bado kwamba daraja la kweli la umbo hilo lingesimama. Mhandisi asiyejua hivyo ni mtu wa hatari.

La pili lahusu joto. Injini ndogo ya mvuke ina eneo la kupozea lililopungua mara 2,500, na maji yaliyopungua mara 125,000. Kila lita ya maji, basi, ina eneo la kupotezea joto lililo kubwa mara 50 kuliko katika injini ya kweli. Hupoa upesi na hula kuni nyingi kwa kazi ndogo. Kwa sababu hiyo treni nyingi za mfano huendeshwa kwa umeme, hata zile zenye sura ya mvuke.

La tatu lahusu mwendo. Treni iendayo kilometa 30 kwa saa hupita mita 8.3 kila sekunde. Katika mfano itapita sentimita 16.7 kwa sekunde. Watoto wengi huikimbiza treni yao kwa mwendo ambao, ukizidishwa kwa 50, ungeitupa treni ya kweli nje ya reli.

JARIBIO: KWA NINI TRENI HAIACHI RELI?

Vifaa: vikombe vinne vya karatasi au plastiki vyenye mdomo mpana na kitako chembamba, gundi au utepe wa kunatisha, na fito mbili zilizonyooka.

Njia: Laza fito mbili sambamba juu ya meza, ziachane kidogo kupungua urefu wa vikombe viwili vilivyounganishwa. Inua ncha za upande mmoja ili pawe na mteremko mdogo. Unganisha vikombe viwili kwa midomo, ili katikati pawe panene. Unganisha viwili vingine kwa vitako, ili katikati pawe pembamba. Viringisha kila jozi juu ya fito, na mara nyingine uiweke upande kidogo kwa makusudi.

Utaona kwamba jozi iliyo nene katikati hujirudisha yenyewe mahali pake, nayo ile nyembamba katikati huzidi kupotoka hadi ikaanguka.

Maelezo: Jozi ya kwanza ikisogea kushoto, upande wa kushoto hugusa fito kwa sehemu iliyo nene zaidi, na upande wa kulia kwa sehemu iliyo nyembamba zaidi. Kwa mzunguko mmoja, upande wa kushoto husafiri mbali zaidi, hivyo jozi huelekea kulia na kurudi katikati. Magurudumu ya treni yamechongwa hivyo, yaani kipenyo chake upande wa ndani ni kikubwa kidogo kuliko upande wa nje, na mawili yamekazwa kwenye ekseli moja. Ukingo wa gurudumu ulio upande wa ndani ni kinga tu, unaofanya kazi hali ikiwa mbaya. Muundaji wa treni ya vizibo ambaye treni yake huanguka kila mara amepata hapa dawa yake.

KUPENDA YA KALE

Yafaa kuuliza kwa nini wakusanyaji wengi hupenda injini za mvuke kuliko za dizeli. Sababu moja ni kwamba kazi ya injini ya mvuke huonekana kwa macho: pistoni husukuma, mtaimbo huzungusha gurudumu, na moshi hutoka kwa pumzi. Dizeli huificha kazi yake ndani ya sanduku.

Lakini upendo usitufanye kusahau ukweli. Injini ya mvuke ya reli kwa kawaida iligeuza chini ya asilimia 10 ya joto la moto wake kuwa kazi ya kuvuta. Dizeli huweza kufikia asilimia 30 au zaidi. Moto wa mvuke ulikula misitu, na wapiga makaa walichoka mbele ya joto kali. Mvuke haukuondoshwa kwa chuki. Uliondoshwa na hesabu.

Jambo la kusikitisha ni lingine. Baada ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, injini nyingi za mvuke ziliishia kuwa vyuma chakavu. Chache zilizosalia zimo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo imo injini namba 5918, Mount Gelai, ya aina iliyofanya kazi hasa kati ya Mombasa na Nairobi. Ina urefu wa takriban mita 31.7 na uzito wa tani 250 hivi. Imo pia namba 3020, Nyaturu. Gelai ni mlima wa Tanzania, na Wanyaturu ni watu wa Singida. Mwanafunzi wa Mpanda atakaye kuyaona majina hayo juu ya chuma hana budi kuvuka mpaka.

MUSTAKABALI

Huko Ulaya ufundi huu umepita katika dhiki. Mwaka 2009, ambao ulikuwa mwaka wa 150 tangu kuanzishwa kwake, Märklin ilitangaza kwamba imeshindwa kulipa madeni, ingawa baadaye iliokolewa. Wakusanyaji wamezeeka, bei zimepanda, na vijana wana michezo ya kompyuta. Hata hivyo, maonyesho ya Miniatur Wunderland ya Hamburg, yaliyofunguliwa mwaka 2001, huvuta watu wengi, na mashine za kompyuta zinazochapa vitu vya plastiki humwezesha mtu kuunda behewa ambalo hakuna kampuni iliyowahi kuliuza.

Hilo latuhusu sisi. Mabehewa ya reli yetu ya mita moja ni haba katika maduka ya dunia, na anayeyataka atapaswa kuyaunda mwenyewe. Ili ayaunde, lazima kwanza yawe yamepimwa. Nchi yetu sasa inajenga reli ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435, na tangu mwaka 2024 treni za umeme zimekuwa zikichukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Ni maendeleo ya kufurahiwa. Lakini kila njia mpya huleta siku ambayo vyombo vya njia ya zamani vitauzwa kwa kilo. Kilichopimwa na kuchorwa chaweza kuundwa tena, nacho kisichopimwa hubaki maneno ya wazee, kisha hata hayo huisha.

Kwa hiyo twawashauri walimu wa Katavi waombe ruhusa ya mkuu wa stesheni, wawapeleke wanafunzi Mpanda wakiwa na futi kamba, daftari na penseli, wapime jengo, jukwaa na behewa lililosimama mahali salama. Mwanafunzi yeyote asikanyage njia bila ruhusa na bila msimamizi. Wazee waliofanya kazi relini nao waulizwe majina ya vifaa na namna ya kuvitumia. Michoro ihifadhiwe shuleni, na mfano uundwe kwa bati, mbao nyepesi na waya. Gharama yake ni ndogo, na hisabati, fizikia, ufundi na historia vitakutana juu ya meza moja.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Reli ya kisasa ina upana wa milimita 1,435. Tafuta upana wake katika kipimo cha 1:50 na cha 1:87.

2. Tafuta urefu wa Mount Gelai katika kipimo cha 1:87. Kama mfano ungekuwa wa vifaa vilevile, ungekuwa na uzito wa gramu ngapi?

3. Treni ya mfano wa 1:50 imepita mita 3 kwa sekunde 12. Mwendo huo ni sawa na kilometa ngapi kwa saa kwa treni ya kweli?

4. Eleza kwa nini maji ya moto katika kikombe hupoa upesi kuliko katika pipa, ukitumia kanuni ya eneo na ujazo.

5. Rudia jaribio la vikombe ukitumia fito zilizopinda kidogo. Andika uliyoyaona na ueleze sababu.

6. Mjadala: "Shule ya Mpanda ihifadhi michoro ya reli ya zamani hata kama reli yenyewe itabadilishwa." Toa hoja za kukubali na za kukataa.