Daftari Kwanza, Simu Baadaye: Kutafuta Msaada wa Aljebra Mtandaoni

Mwanafunzi wa sekondari mjini Malindi akiandika kwamba (x + 3)² ni sawa na x² + 9, hahitaji kozi nzima ya hisabati. Anahitaji kukaa na kosa hilo moja. Akiweka 1 mahali pa x, upande wa kushoto unatoa 16 na wa kulia 10. Kilichopotea ni 6x iliyokuwa katikati. Lakini wengi wakishika simu huandika tu neno "algebra", na hapo video za kila daraja na kila nchi zinawamwagikia, bando likaisha kabla hawajafika kwenye mabano.

Kijitabu hiki kinashauri kuanza upande wa pili. Daftari la mazoezi lifunguliwe kwanza, itafutwe hatua ya mwisho ambayo mwanafunzi aliifanya sawasawa, kisha hatua inayofuata ndiyo itafutwe mtandaoni. Jina la mada liandikwe kama lilivyo kwenye kitabu cha darasani, yaani kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani. Kueleweshana baadaye kwa Kiswahili au Kigiriama chini ya mwembe hakukatazwi na mtu, na mara nyingi ndiko kunakofungua kichwa.

Hata Khan Academy, tovuti kubwa ya masomo ya bure, ilianza na mtoto mmoja aliyekwama mahali pamoja. Mwaka 2004 Salman Khan, aliyekuwa akiishi Boston, alianza kumfundisha kwa mbali binamu yake Nadia wa New Orleans, aliyekuwa akisumbuliwa na ubadilishaji wa vipimo. Ndugu wengine wakaomba nao wafundishwe, video zikafuata, na mwaka 2008 likawa shirika lisilo la faida. Mwanafunzi wa Kilifi anaweza kuingia humo bila kulipa, akachagua mada moja, akafanya mazoezi yanayomwonyesha papo hapo alipokosea. Hayo mazoezi yana faida kuliko video. Kutazama mtu mwingine akikokotoa kunapendeza, lakini mkono wa mtazamaji haujafanya kazi yoyote.

Upungufu wa Khan Academy ni kwamba haikutungwa kwa kufuata mtaala wa Kenya. Kwa mpangilio wa mada ni afadhali kuanzia Kenya Education Cloud, hazina ya mtandaoni ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, kwenye kec.ac.ke. Mzazi naye aangalie mtoto wake yuko njia gani. Waliofika Gredi ya 10 Januari 2026 wako kwenye mtaala mpya, na wenzao wa kidato wanamalizia mfumo wa 8-4-4. Karatasi za miaka iliyopita za KCSE, mtihani wa mwisho wa 8-4-4, kwa hiyo hazimfai kila mmoja.

Kifaa kisichosifiwa vya kutosha ni programu ya kuchora grafu. GeoGebra, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter huko Salzburg, Austria, ni ya bure kwa wanafunzi, na ikishapakuliwa kwenye simu huchora hata bila bando. Desmos nayo iko hivyo. Mwanafunzi wetu wa mwanzo aandike y = (x + 3)², kisha chini yake y = x² + 9. Atapata pinde mbili zinazokutana mahali pamoja tu, pale x ni 0, halafu kila mmoja unashika njia yake. Mwalimu angeweza kusema "si sawa" mara mia. Picha inasema mara moja, na inazua swali zuri zaidi: kwa nini zikutane hapo kwenye sifuri?

Programu za aina ya Photomath ni jambo jingine. Unapiga picha mlinganyo, nayo inatoa jibu na hatua zake. Zinafaa kukagulia kazi iliyokwisha kufanywa. Zikitumiwa kabla ya kalamu kugusa karatasi, zinakuwa mtu wa kukufanyia kazi ya nyumbani. Programu za akili bandia zinahitaji tahadhari zaidi, kwani huweza kukosea kwa lugha ya kujiamini kabisa. Ziombwe dokezo, si jibu, na jibu lolote lirudishwe ndani ya mlinganyo lionekane kama linakubali.

Kazi ngumu zaidi hasa ni kuugeuza usemi wa watu uwe mlinganyo, na kazi hiyo si ngeni huku pwani. Mtu amefariki, wazazi wake wametangulia, ameacha mke, mwana mmoja na binti mmoja. Madeni yakishalipwa na wasia kutekelezwa, kwa hukumu ya mirathi ya Kiislamu mke anapata thumni, na mwana anapata mara mbili ya binti. Fungu la binti likiitwa x, basi 3x ni 7/8, na x ni 7/24. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad karne ya 9, alitenga sehemu kubwa kwa masuala ya namna hii.

Ganze, Bamba au Magarini ndani, mtandao unaweza kuwa dhaifu na bando ni pesa ya unga. Hapo Kolibri inafaa. Programu hii ya bure ya shirika la Learning Equality hujazwa masomo mara moja penye intaneti, kisha simu na kompyuta za jirani huyasoma kupitia kompyuta moja ya shule, bila intaneti. Imetumika katika shule za kambi ya Kakuma, Turkana. Mwenye kabambe naye alifikiriwa: Shupavu 291 ya Eneza Education ilifikisha masomo na maswali kwa ujumbe mfupi. Kabla ya kujiunga na huduma yoyote ya namna hiyo, ulizeni kwanza inakata shilingi ngapi kwa siku.

Wanaouza "karatasi za KCSE za mwaka huu" kwenye Telegram msiwape hata senti. Kununua mtihani ni kosa, na nyingi ni za kughushi.

Simu haiingii chumba cha mtihani. Karatasi za hisabati za KCSE, 121/1 na 121/2, zina alama 100 kila moja kwa saa mbili na nusu. Sehemu ya kwanza ina alama 50 na maswali yake yote ni ya lazima. Ya pili mtahiniwa anachagua maswali matano kati ya manane. Kwa hiyo mwanafunzi atenge jioni moja kila wiki afanye sehemu nzima kwa saa na robo, simu ikiwa kwa mama, na aliposhindwa aweke alama pembeni. Hizo alama ndizo atakazokwenda kutafutia msaada kesho yake.