Vidonge vya nguvu za kiume: usimfiche daktari

Ndugu Waislamu, mara nyingi baada ya darsa hubaki ndugu mmoja na kuniuliza kwa kunong'ona: Ustadhi, vidonge vya nguvu za kiume ni halali? Nami humuuliza: nani kakupa, na una maradhi gani?

Mume kujitibu ili atekeleze haki ya mkewe si vibaya. Lakini kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio matano ya Sharia, na dawa ya kuokota mitaani huiweka nafsi hatarini.

Sildenafil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa jina la Viagra, hutanua mishipa ya damu. Mgonjwa wa moyo anayetumia naitreti, ile dawa ya kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana, akizichanganya, presha hushuka ghafla na anaweza kufa. Hata zinazoitwa za mitishamba si salama zote. Baadhi zimekutwa zimetiwa sildenafil kwa siri.

Basi pima kwanza presha, sukari na moyo, kwani udhaifu huo huweza kuwa dalili ya maradhi hayo. Usizidishe kipimo. Dhakari ikibaki imesimama zaidi ya saa 4, nenda hospitali haraka. Kifua kikiuma baada ya kumeza, mtaje daktari ulichomeza, asije akakupa naitreti.

Kuona haya ni sifa ya muumini, lakini haya ya kumficha tabibu huacha wajane.

Wabillahi tawfiq.