Mafuta ya Mimea na Ngozi Yetu: Yanasaidia Wapi, na Yanaishia Wapi?



Somo letu la toleo hili ni juu ya ngozi na mafuta yatokayo kwenye mimea. Inasemekana jina la Nakuru limetoka kwa neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Sisi tunaoishi hapa hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ni baridi, mchana jua ni kali, na kuanzia Januari mpaka mvua ndefu zianze, upepo hukausha kila kitu. Midomo hupasuka, visigino hukatika, na miguu ya watoto huwa kama imepakwa majivu.

Siku hizi wachuuzi wengi huuza chupa za mafuta "ya asili", na kila chupa ati inaponya kila kitu. Mama mwenye shilingi mia mbili anataka kujua: nikinunua hii, itanisaidia kweli? Tusome pamoja.

1. NGOZI INATAKA NINI?

Ngozi ni kama ukuta wa nyumba. Chembe zake ni matofali, na katikati yake kuna mafuta yanayoshika kama saruji. Tukioga kwa maji moto sana na sabuni kali, ile saruji huondoka. Maji ya mwilini hupotea na vijidudu hupata njia ya kuingia.

Mafuta tunayopaka huziba nyufa hizo ili maji yasitoke. Kwa hivyo, wakati mzuri wa kupaka ni mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Ukingoja ikauke kabisa, umefungia ukavu ndani. Mafuta ya mgando ya dukani hufanya kazi hii pia, na hatusemi ni mabaya.

2. MIMEA TUNAYOIFAHAMU

Alizeti. Wengi wetu tunayo jikoni na hatujui inafaa ngozi. Mwaka 2005, watafiti waliofanya kazi katika hospitali ya watoto mjini Dhaka, Bangladesh, walitangaza kwamba watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi machache ya hospitalini kuliko wale ambao hawakupakwa. Ukuta ukiwa imara, mwizi hukosa njia. Lakini walipakwa chini ya uangalizi wa madaktari. Mwenye mtoto njiti asijaribu nyumbani bila kuuliza kliniki. Na mafuta yaliyokwisha kukaangia chapati si ya kupaka mtu.

Nazi. Haya hutoka Pwani. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hivyo asubuhi ya Nakuru utayakuta yameganda kwenye chupa. Usimlaumu mwenye duka kwamba amekuuzia mafuta mabovu. Weka chupa katika maji ya uvuguvugu na yatayeyuka.

Mbarika. Wazee wa Kikuyu waliyajua mafuta haya zamani, wakayachanganya na udongo mwekundu na kujipaka. Ni mazito na yanafaa visigino. Lakini mbegu yenyewe ina sumu kali. Mbegu chache tu zikitafunwa zinaweza kumuua mtoto. Usikamulie nyumbani penye watoto, na masimbi yake usiwape ng'ombe wala kuku. Nunua mafuta yaliyokwisha kutengenezwa.

Shubiri. Wamaasai huiita osuguroi, Waturkana echuchuka. Jani lake lina vitu viwili tofauti. Chini ya ganda kuna utomvu wa manjano, mchungu, ambao huwasha ngozi na ukinywewa huharisha sana. Katikati kuna ute mweupe unaong'aa, na huo ndio unaotuliza ngozi iliyounguzwa na jua. Kata jani, lisimamishe kwa dakika kumi au kumi na tano utomvu udondoke, lioshe, ndipo uchukue ute. Mama mjamzito asinywe utomvu huo. Na tusing'oe shubiri za porini. Mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wake, na tangu kanuni za mwaka 2007 ni lazima mvunaji awe na kibali. Panda yako kwenye mkebe mlangoni.

Leleshwa. Kichaka hiki chenye majani ya kijivu na harufu ya kafuri ni cha kwetu kabisa hapa Bonde la Ufa. Wamaasai huweka majani yake kwapani ili wanukie vizuri. Mafuta yanayokamuliwa kutoka majani hayo ni makali sana. Hayapakwi peke yake, wala hayapakwi watoto wachanga. Na majani yaliyo ndani ya ua wa mbuga si yetu kuchuma.

Mwarobaini. Watu wa Pwani huusifu, na mafuta yake hufukuza wadudu. Hayo ni ya nje tu. Kuna watoto katika nchi za Asia waliougua vibaya na wengine kufa baada ya kunyweshwa mafuta hayo. Usimnyweshe mtoto hata kijiko kimoja.

3. TUTENGENEZE WENYEWE

Hapa kuna mafuta ya visigino na mikono ambayo kikundi chochote kinaweza kutengeneza:

- Nta safi ya nyuki, gramu 50.
- Mafuta ya alizeti au ya nazi, gramu 200.

Weka vyote kwenye bakuli la chuma, na bakuli uliweke ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole. Usiweke bakuli moja kwa moja juu ya jiko, mafuta yanaweza kushika moto. Watoto wakae mbali. Nta ikiyeyuka yote, koroga, ondoa, mimina kwenye mikebe iliyooshwa na kukaushwa kabisa. Ngoja yapoe ndipo ufunike.

Usitie maji wala ute wa shubiri ndani ya mkebe. Penye maji huota kuvu. Ute utumike siku ile ile unapokata jani.

Kabla ya kutumia mafuta yoyote mapya, paka kidogo upande wa ndani wa mkono na ungoje siku nzima. Yakiwasha au yakileta uvimbe, yaache. Kitu cha asili pia kinaweza kudhuru. Wavunaji wa pareto kule Molo ni mashahidi: ua ni zuri, lakini wako ambao ngozi yao huwashwa kwa kulishika. Limau nalo, ukijipaka ukaenda juani, linaweza kukuunguza hadi malengelenge.

Wanaofikiria kuuza wakumbuke kwamba bidhaa inayouzwa kwa umma inahitaji alama ya ubora ya KEBS. Anzeni na matumizi ya nyumbani, mjifunze usafi, kisha mfuate sheria kama kikundi.

4. MAFUTA YANAISHIA WAPI?

Hapa tunaomba usome polepole, kwa maana hapa ndipo watu huumia.

Moto au maji moto. Mtoto akiungua, usipake mafuta, dawa ya meno wala unga. Mafuta hufungia joto ndani. Mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali.

Kitovu cha mtoto mchanga. Usitie mafuta wala majani. Tumia tu dawa uliyopewa na kliniki.

Upele. Huu huletwa na mdudu mdogo anayechimba ngozi. Mafuta hulainisha tu, mdudu anabaki. Dawa hupatikana kliniki, na nyumba nzima hutibiwa siku moja, hata asiyejikuna. Ukimtibu mmoja, wengine watamrudishia.

Choa. Yale mabaka ya duara kichwani kwa watoto wa shule ni ugonjwa wa kuvu. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza.

Jua. Hakuna mafuta ya mimea tuliyoyataja yanayoweza kumkinga mtu mwenye ualbino. Ngozi yake inaweza kupata saratani akiwa bado kijana. Tangu mwaka 2011 serikali yetu imekuwa na mpango wa kuwapa ndugu zetu hawa losheni ya kukinga jua bila malipo kupitia hospitali za umma. Kule Moshi, Tanzania, losheni ya kukinga jua imekuwa ikitengenezwa kwa ajili yao. Mzazi, uliza hospitali, na umvalishe mtoto kofia pana na mikono mirefu. Usimpake nazi ukadhani umemkinga.

Kujichubua. Mwaka 1998 Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini mpaka leo vingine huingizwa kwa siri, na wengine huvificha chini ya jina la "mitishamba". Zebaki huharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Krimu ikikung'arisha uso kwa wiki moja, jiulize ndani yake mna nini. Mafuta safi ya mmea hayabadilishi rangi ya mtu. Na rangi aliyotupa Mungu si ugonjwa wa kutibiwa.

Tunakumbuka Msamaria Mwema katika Injili ya Luka, sura ya 10. Aliyapaka mafuta majeraha ya yule aliyeporwa njiani, lakini hakumwacha hapo. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka mahali pa kutunzwa, akalipa. Mafuta yalikuwa mwanzo wa msaada wake. Nasi tufanye hivyo hivyo: tupake panapofaa, na panapohitaji daktari tumpeleke mgonjwa bila kuchelewa. Jirani akikosa nauli, jumuiya isikae kimya.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Ni mafuta gani tunayotumia nyumbani? Tunajua yametoka wapi?
2. Mtoto akiungua usiku katika ploti yetu, nani ana maji, na nani anaweza kutafuta gari?
3. Je, kuna mtu mwenye ualbino karibu nasi? Anapata losheni yake?
4. Tunawaambia nini binti zetu, na vijana wetu wa kiume, juu ya rangi ya ngozi zao?

Jadilianeni, kisha kila jumuiya ichague jambo moja la kutenda kabla ya toleo lijalo. Mungu awabariki.